Protini zinazoandika alama za vinasaba, na siri ya maradhi yanayowapokonya watoto wa kike maneno

Na Mwandishi Wetu

MTOTO wa kike anazaliwa akiwa na afya njema. Ananyonya vizuri, anatabasamu, anaketi kwa wakati wake na pengine anaanza kutamka maneno yake ya kwanza. Ghafla, kati ya umri wa miezi sita na miezi 18, maendeleo hayo yanasimama.

Kisha yanaanza kurudi nyuma. Maneno aliyokwisha kuyajua yanapotea moja baada ya jingine. Mikono iliyokuwa ikishika kijiko na mwanasesere haishiki tena. Badala yake inasuguana mfululizo, kama ya mtu anayenawa maji yasiyoonekana. Baadaye hufuata matatizo ya kupumua, degedege, na kwa wengi uti wa mgongo kupinda.

Huo ndio ugonjwa wa Rett, ambao hupata takriban mtoto mmoja kati ya kila watoto wa kike 10,000. Ulipewa jina la daktari wa Austria, Andreas Rett, aliyeueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1966. Kwa kuwa aliandika kwa Kijerumani, maelezo yake hayakusomwa na wengi hadi mwaka 1983, pale daktari wa Sweden, Bengt Hagberg, na wenzake walipochapisha taarifa za wagonjwa 35.

Mzazi yeyote aliyefikwa na mkasa kama huo hujiuliza maswali yale yale. Mama alikula nini alipokuwa mjamzito? Mtoto alianguka lini? Nani amemtupia jicho baya?

Jibu la sayansi lilipatikana mwaka 1999, na halimo katika lolote kati ya hayo. Timu ya Dk. Huda Zoghbi, mzaliwa wa Beirut, Lebanon, anayefanya kazi katika Chuo cha Tiba cha Baylor mjini Houston, Marekani, iligundua kuwa ugonjwa huo husababishwa na hitilafu katika jeni moja tu. Jeni hiyo hubeba maelekezo ya kutengeneza protini iitwayo MeCP2.

Kazi ya protini hiyo ni kusoma. Haisomi herufi za vinasaba vyenyewe, bali husoma alama ndogo zilizoandikwa juu ya herufi hizo. Makala haya yanaeleza alama hizo ni zipi, ni protini zipi huziandika, huzisoma na kuzifuta katika miili ya mamalia, na kwa nini kosa dogo katika kazi hiyo linaweza kugharimu uhai.

Kitabu kimoja, wasomaji wengi

Karibu kila chembe hai ya mwili wa binadamu ina nakala kamili ya vinasaba, yaani DNA. Ni uzi mwembamba ambao ukinyooshwa hufikia urefu wa karibu mita mbili, wenye herufi bilioni tatu hivi katika kila seti inayotoka kwa mzazi mmoja. Herufi hizo ni za aina nne tu: adenini, thimini, saitosini na guanini, ambazo kwa kifupi huandikwa A, T, C na G.

Chembe ya ini ina maandishi yale yale yaliyomo katika chembe ya ubongo au ya ngozi. Hata hivyo, ini halifikiri na ngozi haisagi sumu. Tofauti iko katika kuamua ni jeni zipi, kati ya takriban 20,000 zinazotengeneza protini, zifanye kazi na zipi zinyamaze.

Mojawapo ya njia ambazo mwili hutumia kuamua hayo ni kubandika kikundi kidogo cha kikemia kiitwacho metili juu ya herufi C. Kikundi hicho kina atomu moja ya kaboni na tatu za hidrojeni. Kitendo chenyewe wataalamu hukiita metilesheni ya DNA.

Msomaji anayezijua herufi za Kiarabu, ambazo Kiswahili kiliandikwa kwazo kwa karne nyingi, ataelewa jambo hili haraka. Herufi hubaki ile ile, lakini kijialama kinachowekwa juu au chini yake, iwe ni fat'ha, kasra au dhumma, ndicho kinachomwambia msomaji aitamke vipi. Metili inafanana zaidi na sukuni: herufi haibadiliki, lakini mara nyingi jeni hutulia na kunyamaza.

Kwa mamalia, alama hizo huwekwa zaidi mahali ambapo C inafuatwa moja kwa moja na G. Katika vinasaba vya binadamu zipo sehemu za namna hiyo zipatazo milioni 28, na kati ya asilimia 70 na 80 ya sehemu hizo huwa zimebandikwa metili. Sehemu nyingi zilizoachwa wazi ziko karibu na mwanzo wa jeni, pale ambapo usomaji huanzia.

Ugunduzi uliosubiri miaka 27

Dalili ya kwanza kwamba mamalia wana herufi C iliyobadilishwa ilionekana mwaka 1948, pale Rollin Hotchkiss wa Taasisi ya Rockefeller, New York, alipochunguza DNA iliyotolewa katika tezi ya ndama. Aliona doa dogo lisilolingana na herufi nne zinazojulikana. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua doa hilo lina kazi gani.

Mwaka 1975, watafiti wa pande mbili za dunia walitoa wazo moja bila kushauriana. Robin Holliday na John Pugh jijini London, na Arthur Riggs huko California, walipendekeza kuwa metili ni kumbukumbu ya chembe: alama inayoweza kunakiliwa kila chembe inapogawanyika, ili chembe mpya ikumbuke ni jeni zipi zilikuwa zimefungwa.

Hoja yao ilitegemea umbo la DNA. Uzi wa DNA una nyuzi mbili zilizokabiliana, na C hukabiliana na G. Kwa hiyo penye CG upande mmoja, upande wa pili nao, ukisomwa kinyume, ni CG. Alama ikiwekwa pande zote mbili, chembe inapogawanyika kila nakala hubaki na uzi mmoja wa zamani wenye alama na mwingine mpya usio nayo. Walisema kuwa lazima kuwe na protini inayotambua nusu hiyo iliyobaki na kuikamilisha.

Protini hiyo ipo, na ndiyo ya kwanza katika orodha ya waandishi.

Waandishi wa alama

Mwaka 1983 Timothy Bestor na Vernon Ingram wa chuo cha MIT, Marekani, walifanikiwa kutenga kutoka katika chembe za panya kimeng'enya kinachobandika metili. Miaka mitano baadaye, Bestor na wenzake walipata jeni yake. Leo kimeng'enya hicho kinaitwa DNMT1.

DNMT1 ni mnakili. Hupenda zaidi kufanya kazi pale uzi mmoja una alama na mwingine hauna, yaani hasa baada ya DNA kunakiliwa. Kwa njia hiyo chembe ya ini huzaa chembe za ini, wala haizai za figo.

Umuhimu wake ulidhihirika mwaka 1992. En Li, Bestor na Rudolf Jaenisch waliiharibu jeni hiyo katika panya wa maabara. Viinitete vilivyokosa DNMT1 inayofanya kazi vilipoteza sehemu kubwa ya metili na kufa vingali tumboni, katikati ya ujauzito. Tangu hapo hakuna aliyeweza kudai kuwa alama hizo ni pambo.

Lakini mnakili huyo hafanyi kazi peke yake. Mwaka 2007 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kuwa DNMT1 huongozwa na protini nyingine iitwayo UHRF1. Hiyo hutambua mahali penye alama upande mmoja, huivuta herufi yenye metili nje kidogo ya uzi kana kwamba inaikagua, kisha husaidia kumleta mnakili mahali hapo.

Swali lililobaki lilikuwa ni nani anayeweka alama mpya mahali ambapo hazikuwapo kabisa. Mwaka 1998 Masaki Okano, Shaoping Xie na En Li walitangaza kupata vimeng'enya viwili vingine, DNMT3A na DNMT3B. Hivi havihitaji alama ya zamani, ni waanzilishi.

Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kuwa waandishi hao wawili hawawezi kubadilishana kazi zote. Panya waliokosa DNMT3B walikufa kabla ya kuzaliwa. Waliokosa DNMT3A walizaliwa, lakini walidumaa na kufa wakiwa na umri wa takriban wiki nne.

Mwaka huo huo ilibainika kuwa kwa binadamu hitilafu katika DNMT3B husababisha ugonjwa adimu unaoitwa ICF. Watoto wenye ugonjwa huo huwa na upungufu mkubwa wa kinga mwilini na maambukizi ya mara kwa mara, na kromosomu zao, hasa za namba 1, 9 na 16, hupoteza uthabiti karibu na kiungo cha katikati.

Ndugu wa tatu katika familia hiyo ni DNMT3L, ambayo ina jambo la ajabu: yenyewe haiwezi kubandika metili hata moja. Hata hivyo, hushikamana na wenzake na kuwaongezea nguvu, hasa katika chembe zinazotengeneza mayai na mbegu za kiume. Panya dume wasio nayo ni tasa.

Ipo pia DNMT2, ambayo kwa jina ingefaa iwe mwandishi wa DNA. Mwaka 2006 ilithibitika kuwa kazi yake halisi ni kubandika metili kwenye RNA, si DNA. Jina limebaki, kazi ni nyingine.

Kwa nini panya dume wasio na DNMT3L huwa tasa? Jibu liko katika historia ndefu ya vinasaba vyetu. Karibu nusu ya DNA ya binadamu ni mabaki ya vipande vinavyorukaruka, baadhi vikitokana na virusi vya kale, ambavyo vikipewa nafasi hujinakili na kujipachika ovyo katikati ya jeni nyingine. Metili ni moja ya minyororo inayovifunga. Bila mnyororo huo, vipande hivyo huamka katika korodani na chembe za uzazi hufa.

Wafutaji waliochelewa kujulikana

Kwa muda mrefu ilifundishwa kuwa metili ikishabandikwa haitoki, isipokuwa chembe igawanyike mara nyingi bila mnakili kufanya kazi yake. Mafundisho hayo yalikuwa na kasoro moja: mwaka 2000 ilionekana kwa panya kwamba, saa chache tu baada ya yai kurutubishwa na kabla halijagawanyika hata mara moja, vinasaba vilivyotoka kwa baba vilikuwa vimepoteza alama zao nyingi.

Aliyezifuta alikuwa hajulikani hadi mwaka 2009, pale timu ya Anjana Rao jijini Boston ilipoonyesha kuwa protini iitwayo TET1 huibadilisha metili kwa kuiongezea oksijeni. Mwaka huo huo watafiti wa New York waliikuta herufi hiyo iliyobadilishwa katika chembe za ubongo wa panya, tena kwa kiasi kisicho kidogo.

Familia ya TET ina ndugu watatu. Hazing'oi metili kwa mkupuo mmoja. Huibadilisha hatua kwa hatua mpaka iwe kitu kigeni, kisha vimeng'enya vingine vya ukarabati hukata herufi nzima na kuweka C safi mahali pake.

Kufuta huko ni lazima. Kiinitete cha mamalia huanza maisha kwa kusafishwa alama nyingi za wazazi, kisha DNMT3A na DNMT3B huandika upya. Chembe za uzazi zinazochipuka ndani ya kiinitete hicho nazo husafishwa kwa mara nyingine ili ziwe tayari kwa kizazi kijacho.

Zipo alama chache, hata hivyo, ambazo haziguswi katika usafi ule wa kwanza. Hizo ni zile zinazoonyesha kama jeni ilitoka kwa baba au kwa mama. Mfano unaoumiza zaidi uko kwenye kromosomu namba 15. Kipande kimoja cha kromosomu hiyo kikikosekana upande wa baba, mtoto hupata ugonjwa wa Prader-Willi, ambao baadaye humfanya awe na njaa isiyokwisha. Kipande hicho hicho kikikosekana upande wa mama, mtoto hupata ugonjwa wa Angelman, wenye degedege na kushindwa kuzungumza. DNA iliyopotea ni ile ile. Kinachotofautiana ni alama.

Wasomaji, na maradhi ya Rett

Alama isiyosomwa na mtu haina maana. Katika mwili wa mamalia, kazi ya kusoma hufanywa na protini zenye sehemu maalumu ya kuishika metili. Miongoni mwake ni MBD1, MBD2, na MBD4 ambayo kazi yake ni ukarabati, kwa sababu C yenye metili huharibika kirahisi na kugeuka T. Lakini inayojulikana zaidi ni MeCP2, iliyogunduliwa mwaka 1992 katika maabara ya Adrian Bird, Edinburgh, Scotland.

Wakati huo Bird hakuwa akitafuta ugonjwa wowote. Alitaka tu kujua ni protini gani hushika DNA yenye metili. Miaka saba baadaye, utafiti wa Zoghbi ulipofikia jeni hiyo hiyo kutoka upande wa wagonjwa, njia mbili zilikutana.

MeCP2 hupatikana kwa wingi mno katika chembe za neva. Inaweza kufananishwa na daraja lenye nguzo mbili. Nguzo moja hukanyaga metili kwenye DNA. Ya pili hushika kundi la protini liitwalo NCoR, ambalo hubana DNA na kupunguza usomaji wa jeni. Mwaka 2013 maabara ya Bird ilionyesha kuwa mabadiliko ya herufi moja moja yanayosababisha Rett hujikusanya mahali pawili, kwenye nguzo hizo hizo. Nguzo yoyote ikivunjika, daraja halipitiki.

Kwa nini wagonjwa karibu wote ni wa kike? Jeni ya MeCP2 iko kwenye kromosomu X. Mvulana ana X moja tu, hivyo hitilafu ikiingia hana akiba, na wengi wao huugua vibaya mno na kufariki wakiwa wachanga. Msichana ana X mbili.

Hapa ndipo kisa kinapojizungusha chenyewe. Kama Mary Lyon wa Uingereza alivyoeleza mwaka 1961, kila chembe ya mamalia jike huifunga X moja, kwa bahati nasibu, na kubaki na moja inayofanya kazi. Metili ni mojawapo ya kufuli zinazoifunga X hiyo. Kwa hiyo katika takriban nusu ya chembe za ubongo wa msichana mwenye Rett, jeni nzima ya MeCP2 imo, lakini imefungwa kwa alama zile zile ambazo protini hiyo ingepaswa kuzisoma.

Nusu ya pili ya chembe ndiyo inayomweka hai. Na ile jeni nzima iliyolala ndiyo inayowafanya baadhi ya watafiti wajiulize kama inaweza kuamshwa.

Alama zikiharibika katika saratani

Iwapo Rett ni kisa cha msomaji aliyepotea, saratani mara nyingi ni kisa cha maandishi yaliyovurugika. Chembe za saratani kwa kawaida huwa na metili chache kwa jumla kuliko chembe za kawaida, na hapo hapo huwa na metili nyingi kupita kiasi mwanzoni mwa baadhi ya jeni zinazozuia uvimbe. Breki zimefungwa, ilhali vipande vinavyorukaruka vimefunguliwa.

Mwaka 2010 Timothy Ley na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis waliwachunguza wagonjwa 281 wa aina kali ya saratani ya damu. Kati yao, 62, sawa na asilimia 22, walikuwa na hitilafu katika jeni ya DNMT3A, na kwa jumla wenye hitilafu hiyo waliishi muda mfupi zaidi. Mwaka mmoja kabla, wafutaji nao walikuwa wamekwisha kutajwa, pale hitilafu katika TET2 zilipoonekana kwa wagonjwa wa maradhi ya uboho.

Ujuzi huo umezaa dawa. Azasitidini ilitengenezwa Czechoslovakia katika miaka ya 1960 kama sumu ya kuua chembe za saratani. Mwaka 1980 Peter Jones na Shirley Taylor waligundua kuwa kwa kiasi kidogo hufanya jambo jingine: huingia ndani ya DNA mahali pa C, na DNMT inapokuja kuandika hunasa hapo kama panya kwenye mtego. Alama hupungua na jeni zilizolala huamka.

Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha azasitidini mwaka 2004 kwa maradhi ya uboho yanayoweza kugeuka saratani ya damu. Ndugu yake, desitabini, ilifuata mwaka 2006. Dawa hizo huwarefushia maisha baadhi ya wagonjwa, lakini hazichagui jeni ya kuamsha, na kwa wengi ugonjwa hurejea.

Alama pia zimekuwa shahidi. Kipimo kimoja cha kinyesi cha kutafuta saratani ya utumbo mpana, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2014, huangalia pamoja na mambo mengine metili kwenye jeni mbili maalumu zilizodondoka kutoka kwenye uvimbe.

Chakula kina nafasi gani?

Metili haitoki hewani. Waandishi wote huichukua kutoka kwa molekuli moja inayotengenezwa mwilini kwa msaada wa foleti na vitamini B12, virutubishi vilivyomo katika vyakula kama mboga za majani, maharage, maini, mayai na samaki. Ndiyo maana swali la lishe ya mama limekuwa kubwa.

Mwaka 2003 Robert Waterland na Randy Jirtle wa Chuo Kikuu cha Duke walichapisha majaribio ya panya wenye jeni inayoyafanya manyoya yao kuwa ya manjano. Majike waliolishwa virutubishi vya metili kabla na wakati wa mimba walizaa watoto wengi zaidi wenye manyoya ya kahawia, kwa kuwa jeni hiyo ilikuwa imenyamazishwa.

Kwa binadamu, ushahidi muhimu ulitoka Afrika. Katika vijiji vya Gambia, mlo hubadilika sana kati ya masika na kiangazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa watoto waliotungwa mimba majira ya mvua walikuwa na metili nyingi zaidi katika sehemu fulani za DNA kuliko waliotungwa kiangazi, na kwamba virutubishi katika damu ya mama wakati wa kutunga mimba vilihusiana na tofauti hiyo.

Nchini Uholanzi, watu waliotungwa mimba wakati wa njaa ya vita ya mwaka 1944 na 1945 walikutwa, miongo sita baadaye, na metili chache kwenye jeni ya ukuaji iitwayo IGF2 kuliko ndugu zao wasiopitia njaa hiyo. Taarifa hizo zilichapishwa mwaka 2008.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Kuonyesha kuwa alama zilibadilika si sawa na kuonyesha kuwa mabadiliko hayo ndiyo yaliyoleta ugonjwa. Wapo wafanyabiashara wanaouza vidonge na unga wakidai vinarekebisha vinasaba. Hakuna kidonge cha dukani kinachojua ni jeni ipi ifungwe na ipi ifunguliwe.

Lililothibitika ni dogo lakini la thamani: foleti ya kutosha kabla na mwanzoni mwa ujauzito hupunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Kwa sababu hiyo, Tanzania iliweka kanuni za kuongeza virutubishi, ikiwamo foleti, kwenye unga wa ngano mwaka 2011. Kinga hiyo haipaswi kusubiri sayansi ya metili ikamilike.

Matumaini na mipaka yake

Mwaka 2007 maabara ya Adrian Bird ilitangaza jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Panya waliokuwa na dalili nzito za Rett, baadhi wakiwa karibu kufa, walirudishiwa MeCP2 wakiwa wakubwa, na dalili nyingi zikaondoka. Maana yake ni kwamba chembe za ubongo hazikuwa zimekufa. Maandishi yalikuwapo yakisubiri msomaji.

Kuufikisha ugunduzi huo kwa mtoto ni kazi nzito. MeCP2 ikipungua ni ugonjwa, na ikizidi pia ni ugonjwa: tangu mwaka 2005 inajulikana kuwa wavulana wenye nakala mbili za jeni hiyo hupata ulemavu mkubwa wa akili na maambukizi ya mara kwa mara. Tiba ya jeni kwa hiyo lazima ifikishe kipimo sahihi ndani ya chembe ambazo nusu yake tayari zina kinachotosha.

Majaribio ya tiba hiyo kwa wagonjwa yalianza mwaka 2023. Mwaka huo huo Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza mahususi kwa Rett, trofinetidi, ambayo hupunguza baadhi ya dalili lakini hairudishi protini iliyokosekana.

Kwa mzazi ambaye leo anamtazama binti yake akisugua mikono, habari hizo zinaweza kuonekana za mbali. Lakini lipo moja ambalo tayari ni lake. Katika familia nyingi, hitilafu hiyo haikurithiwa. Ilitokea upya, na mara nyingi ilianzia katika mbegu ya baba, kwa kosa la kunakili ambalo hakuna aliyeweza kulizuia.

Si chakula alichokula mama. Si jicho la jirani. Ni herufi iliyokosewa katika jeni ya msomaji mmoja wa alama. Mama aliyebeba lawama kwa miaka anastahili kuambiwa hivyo, tena kwa lugha anayoielewa.